Asali ya Siku ya Mfungo

Nyumba ninayotaka kuwasimulia, ndugu zangu, ilikuwa nyumba tulivu, ya watu watatu tu. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani. Ukumbini kulikuwa na kimeza cha ibada: sanamu ndogo ya Vishnu, taa ya samli, kengele ya shaba, na vibakuli vya kumtengea Mungu sadaka. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mzee, fundi saa aliyestaafu, na asubuhi mlango wake ulikuwa wazi ili aweze kumchokoza mkwewe.

"Bi Kwanini!" aliita. "Leo umeamka na swali gani?"

Jina hilo alimpa yeye, na lilimkaa barabara. Mkwewe alikuwa mshonaji wa blauzi za sari, mikono haraka, mdomo haraka zaidi. Kwao walikuwa Wahindu kama hawa, lakini Wahindu wa kuwasha taa na kwenda zao. Kufunga hawakufunga ng'o. Kisha akaolewa na sonara, mtu asiyekosa mfungo. Jumatatu alifunga kwa ajili ya Shiva. Ekadashi nayo, siku ya kumi na moja tangu mwezi uandame na ya kumi na moja tangu uwe mpevu, alifunga kwa ajili ya Vishnu, na nyumba nzima ilimfuata.

"Baba, nielezeni," alisema mshonaji, sindano ikiwa mdomoni. "Siku ya Ekadashi tunakula viazi, lakini wali hatugusi. Chumvi ya mawe ndiyo, chumvi ya kawaida siyo. Kwa nini?"

"Mungu ndiye anayejua. Mimi nilikuwa natengeneza saa," mzee alijibu. "Muulize mumeo, yeye ndiye bingwa."

Bingwa aliulizwa, tena si mara moja. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Ndivyo ilivyo, mke wangu. Fuata tu." Mshonaji alifuata, lakini swali halikumtoka. Alishangaa kwamba kila mtu pale hekaluni aliweza kumwambia asile nini, na hakuna aliyemwambia anaacha kula ili iwe nini. Alishangaa pia kwamba siku ya mfungo ndiyo siku jiko lilipochoka kuliko siku zote: viazi vya kukaanga, karanga, maziwa ya kuchemshwa mpaka yawe mazito.

"Hivi hapa tunafunga au tunafanya harusi?" alimnong'oneza mkwewe, na mzee akacheka mpaka akapaliwa.

Sasa shikeni jambo moja. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi sonara mwenyewe alimpa vidonge vyake, kwa adabu zote, na baada ya vidonge mzee alikula. Siku za kawaida alikula uji. Siku ya Ekadashi, ndizi na maziwa. Daktari alikuwa amewaonya wote watatu: akimeza dawa bila kula, sukari itashuka; mkimwona anatoka jasho na kuweweseka, mpeni kitu kitamu upesi, na msisubiri.

Balaa liliingilia hekaluni. Kulikuwa na muuza vyombo mmoja, mtu wa majigambo, aliyesimama mbele ya wenzake akisema kwamba nyumbani kwake Ekadashi kubwa ya mwaka inafungwa bila chakula wala tone la maji. Kila mtu anafunga, hata kasuku wake. Watu wakacheka, ila sonara hakucheka. Roho ilimuuma. Mtu anayefuga kasuku amshinde yeye kwa ibada? Alirudi nyumbani amevimba.

"Safari hii hakuna viazi wala karanga," alitangaza. "Jiko nitalifunga kwa kufuli, ufunguo nakwenda nao hekaluni. Atakayeniuliza nitamwonyesha."

"Atakuuliza nani, jamani?" mshonaji alisema. "Mungu anahitaji kuonyeshwa ufunguo?"

"Umeanza."

"Haya, sijaanza. Na Baba?"

"Baba atapata ndizi zake. Mimi ni mwehu?"

Siku yenyewe ikafika. Sonara aliamka, akaoga, akamtengea Mungu maziwa na asali kwenye vile vibakuli. Akampa baba yake vidonge. Akaona kwamba mkewe alikuwa amepita jikoni, akadhani ndizi zimeshatolewa. Akatia kufuli, akaenda zake. Mshonaji naye alisikia mumewe akizungumza chumbani kwa mzee, akadhani ndizi zimeshaliwa. Ndizi zenyewe zilikuwa juu ya rafu, ndani ya jiko lililofungwa. Mnaona? Hakuna aliyekusudia ubaya.

Na mzee je? Mzee aliyajua yote. Alijua hajaletewa kitu, alijua pia mwanawe ametaka sana siku hii iwe safi. Aliona haya kuwa yeye ndiye wa kuitia doa. Mkwewe alipochungulia na kuuliza, "Baba, mmekula?" alitabasamu na kusema, "Usinijali mimi, mwanangu, wewe shona."

Akashona. Kulikuwa na blauzi za harusi za kumaliza, naye tumbo lake mwenyewe lilikuwa linanguruma. Jua lilipokuwa utosini, alitambua kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyemwita Bi Kwanini. Alizima cherehani.

"Baba?"

Aliinuka, akaenda chumba cha nyuma. Mzee alikuwa kitini, shati limelowa jasho chepechepe, mikono inatetemeka, macho yanamtazama bila kumjua.

"Mama, saa ya kituoni imesimama," mzee alisema kwa ulimi mzito. "Watu watakosa treni."

Alikumbuka maneno ya daktari neno kwa neno. Kitu kitamu! Alikimbilia jikoni, akakutana na kufuli. Alilivuta, akalipiga teke, akalitukana. Alitoka mlangoni akamwita jirani. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa, wote wako hekaluni. Alirudi ndani akizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na hapo ukumbini macho yake yakaangukia kimeza cha ibada.

Asali.

Alisimama. Tusimlaumu kwa kusimama. Sadaka iliyotengwa haiguswi kabla ya sala, hilo hata kwao wasiofunga walilijua. Alimtazama Vishnu, Vishnu naye akamtazama. "Nisamehe," alisema kwa sauti, "au usinisamehe, shauri yako," akakibeba kibakuli.

Alimwinua mzee kichwa, akamtia asali kidogo kidogo, akingoja ameze, huku akimwita, "Baba, meza. Meza, Baba yangu, bado nina maswali." Alikuwa analia na wala hakujua.

Mlango ukafunguliwa. Sonara akaingia, paji la uso lina rangi ya ibada, ufunguo uko mkononi. Alichokiona kwanza kilikuwa kimeza kisicho na kibakuli cha asali, na alichokiona pili, kibakuli mikononi mwa mkewe.

"Umegusa sadaka ya Mungu!" alifoka. "Siku ya leo! Una wazimu?"

Mshonaji hakugeuka hata kugeuka. "Ndizi za Baba ziko wapi?"

"Si ulimpa?"

"Mimi? Si wewe?"

Sonara akaangalia ufunguo wake. Ndipo akamwona baba yake. Akapiga magoti pale pale, akasema "Baba, Baba," kama mtoto. Ufunguo ukamwanguka na hakuuokota. Mkewe ndiye aliyeuokota akafungua jiko, akaleta ndizi na maziwa. Kisha walimpeleka mzee kwa daktari. Daktari aliwaambia kwamba bila ile asali, wangemletea maiti. Alisema hivyo hivyo, bila kuwapamba.

Jioni kuhani wa hekalu alifika kumjulia hali mgonjwa. Sonara alijieleza kwa kigugumizi: sadaka imeliwa kabla ya sala, afanye nini kuondoa kosa?

"Kosa lipi?" kuhani aliuliza. "Asali ilifika ilikokuwa inakwenda. Kosa ni kufuli. Nani alikwambia wazee na wagonjwa wafunge? Wao wameruhusiwa kula tangu zamani, na watoto, na mama wajawazito. Mbona hukuniuliza?"

"Mimi niliuliza," mshonaji alidakia. "Niliuliza kila mtu. Tunafunga kwa nini?"

Kuhani alimtazama, kisha akavuta kigoda. "Binti, neno la kale la mfungo maana yake ni kukaa karibu. Karibu na Mungu. Siku nyingine zote tunakimbizana na tumbo. Siku hiyo tunaliacha lilie kidogo, ili tupate nafasi ya kukaa naye. Na aliye na njaa humwona mwenye njaa. Usipomwona, umeshinda na njaa tu."

"Na wali? Kwa nini viazi ndiyo, wali hapana?"

"Kuna visa vingi. Nikisema najua kipi ni kweli, nitakuwa nimekudanganya, na leo ni Ekadashi."

Mzee alicheka kitandani, kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ekadashi iliyofuata, jiko halikuwa na kufuli. Sonara hakwenda kumwonyesha mtu kitu. Alipika uji mwenyewe, ukaungua kidogo, akakaa sakafuni karibu na kiti cha baba yake, yeye tumbo tupu, akamlisha kijiko kwa kijiko. Mshonaji aliacha cherehani akasimama mlangoni kuwatazama. Safari hii hakuwa na swali.

Mzee alimeza, akamtazama mwanawe.

"Umefunga tangu ujana wako, mwanangu," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza umekaa na mimi."

Sonara aliinamisha kichwa, akachota kijiko kingine.

FUNZO

Ndugu zangu, awe anafunga kwa jina la Vishnu, au Shiva, au kwa dini yoyote ile, mtu asifunge ili ashindane na jirani. Mfungo wa kuonyeshana unamfanya mtu ahesabu asichokula na kumsahau anayekufa njaa chumba cha pili. Mgonjwa, mzee na mtoto msiwabebeshe mzigo ambao dini yenyewe imewatua. Mkiwa na mgonjwa ndani, msidhani mwenzenu ameshamlisha. Ingieni mkatazame kwa macho yenu. Na mtu akiuliza kwa nini tunafunga, msimnyamazishe, kwani katika nyumba ile aliyeuliza ndiye aliyeokoa.