Fungu la Kulwa

Pangaboi za ile ndege ya chuma, ndogo ya kuenea kiganjani, zilizunguka zenyewe mchana kweupe huku madirisha yamefungwa. Generoza akaacha kupeta mchele. Zikasimama.

Hapo ni Kambarage, Shinyanga, mwaka wa sabini na nne. Mumewe, Apolinari, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, alikuwa na ugonjwa wa kukusanya ndege za mfano walizomgawia marubani. Alizifuta vumbi kwa kanga ya mkewe, na nguo zake mwenyewe hakuzijali hivyo. Juma lile alikuwa amempa binti yao, Doto, ndege hiyo nyeupe. Moja tu. Kulwa, pacha wake, alikufa kwa surua, lakini kwa Wasukuma pacha hapewi kitu peke yake. Fungu la mwenzake hupelekwa hata kaburini. Generoza alilikumbuka hilo, akanyamaza, maana mumewe aliyaita mambo ya kizamani.

Sasa nyumba ilinuka mafuta ya taa na taa zote zilikuwa tupu. Doto alishikwa na homa, na kila alipofumba macho mngurumo ulianza ukutani, mdogo kwanza, kisha ukashuka sakafuni na kupanda miguu ya kitanda mpaka vyombo vikatetemeka kabatini, na katikati yake mtoto akawa anajisogeza taratibu ukutani kama anayempisha mtu.

"Mama," alinong'ona, "Kulwa anataka kukaa dirishani."

Generoza aliogopa. Mmoja alikwishamzika. Wa pili asingeweza.

Mganga Maige aliitwa. Alimshika mtoto paji la uso, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Kulwa, marehemu mwanao hana ubaya. Anadai fungu lake. Mpelekeni ndege iliyo sawa na hii, mkaizike kichwani pa kaburi lake. Isipungue kitu."

Kabatini ilikuwapo nyingine nyeupe, kipenzi cha Apolinari. Apolinari alitoka na kitu kimefungwa kitambaani, akarudi na udongo mikononi.

Jioni harufu ilikwisha. Doto akapoa, akaomba uji. Generoza alilia kwa furaha bila kujificha. Mtoto akapokea kikombe kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki kitandani.

"Ng'wanone, mwanangu, shika kwa mikono miwili."

"Huu haunyanyuki, mama."

Generoza akauinua, ukaanguka. Akaenda kabatini. Ndege nyeupe ilikuwapo, imesukumwa nyuma ya nyingine.

"Baba Kulwa, umezika ipi?"

"Ile mbovu," Apolinari alisema. "Iliyovunjika bawa. Nilijua ni chuma tu."

"Bawa la upande gani?"

Apolinari alikuwa anautazama mkono wa kushoto wa mwanawe.

"Baba, usilie," Doto alisema, akinywa uji wake. "Kulwa anasema sasa tuko sawa."