Aliyekipoza Chumba

Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, na bado chumba kilikuwa baridi.

Phyllis alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akisubiri joto limpige usoni kama lilivyompiga kila jioni aliporudi kutoka Al Rigga, ambako alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti ya mwaka 2006. Huko nje jua lilikuwa linazama lakini mtaa wote wa Karama, hapa Dubai, ulichemka kama sufuria iliyofunikwa. Humu ndani kulikuwa kumepoa. Mumewe, Harrison, alikuwa amelala amegeukia ukuta, blanketi limemfika shingoni.

"Baba Jeremy, umezima AC saa ngapi?"

"Sijaiwasha leo," Harrison akajibu bila kugeuka.

Walifurahi. Nani asingefurahi? Bili ya stima ndiyo iliyokuwa ikiwagombanisha na Amne, mwanamke wa Mombasa aliyeuza mabaibui Bur Dubai na kukaa katika chumba cha pili cha nyumba hiyo. Kiyoyozi chao kilikuwa kikuukuu, cha kutundikwa dirishani, kinanguruma mchana kutwa na kudondosha maji ukutani. Phyllis alikuwa amesokota matambara akaziba kila upenyo wa dirisha na tundu la hewa la bafuni ili ubaridi usitoroke, na bado bili ilipanda. Sasa mashine ilinyamaza, na bili iliyofuata ilipokuja Amne aliigeuza huku na huku akacheka.

"Haya niambieni na mimi, mmefanya nini?"

"Ni Mungu tu," Phyllis akasema.

Kisha ukuta ukaanza kutoa jasho.

Mwanzoni lilikuwa doa dogo nyuma ya kitanda, la upana wa sahani. Phyllis alilifuta. Kesho yake lilikuwa limerudi, limeota kuvu jeusi pembeni. Viatu vya kanisani vilivyokuwa chini ya kitanda vikaota manyoya ya kijani. Nguo kabatini zikanuka, na harufu yenyewe haikuwa ya nguo zilizovundika. Ilikuwa harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, ambacho mtu amekifunua ghafla na kuinamia ndani.

"Ni unyevu huo," Amne akamwambia. "Msianike nguo chumbani. Sogezeni kitanda kiache ukuta upumue. Na hayo matambara toa, dada, asubuhi ufungue dirisha kidogo hewa ibadilike. Nyumba ukiiziba hivi inajilowesha kwa pumzi zenu wenyewe."

Phyllis alifanya yote. Alitoa matambara, akapaka ukuta dawa ya kuvu mpaka macho yakamwasha, akakivuta kitanda hadi katikati ya chumba. Jioni aliporudi alikuta kitanda kimerudishwa ukutani na Harrison amelala pale pale, kiganja chake kimebandikwa kwenye doa kama mtu anayemshika mwenzake bega.

"Nani amerudisha kitanda?"

"Mimi. Huko katikati kuna joto."

Akamgusa shingo. Alikuwa baridi kama kigae cha bafuni.

Tangu hapo alianza kumtazama vizuri mumewe, na alichokiona kilimtia hofu. Harrison alikuwa bawabu wa geti katika eneo la ujenzi. Alisimama juani tangu asubuhi, sare imemganda mwilini, na miezi yote iliyopita alirudi nyumbani ametota jasho kama aliyeopolewa kisimani. Sasa alirudi mkavu. Midomo ilikuwa imempauka, kucha zimekuwa za buluu, na kifua chake kilikoroma kwa kikohozi kizito. Chakula alikichokonoa tu. Alichotaka ni kulala upande wa ukuta. Na kadiri yeye alivyozidi kupoa ndivyo chumba kilivyozidi kupoa, mpaka Phyllis akawa analala na sweta, katika Agosti ya Dubai, kiyoyozi kimezimwa.

Wenzake wa kanisani walikuja wakaomba, wakaimba, wakapaka mafuta juu ya mlango. Ukuta ulikauka. Siku iliyofuata, alfajiri, Phyllis aliamka kwa sauti ya matone, akadhani bomba la bafuni limelegea, akaenda akalikaza, akarudi, na matone yakaendelea, tone, kimya, tone, yakitoka ndani ya ukuta wenyewe, na katikati ya tone na tone akasikia kitu kingine, pumzi ndefu ya mtu anayevuta hewa kama anayekunywa uji wa moto, na kila pumzi hiyo ilipovutwa kifua cha Harrison kilishuka, na alipokaribia akiwa na tochi ya simu mkononi aliona kwamba doa halikuwa tena doa, kwamba lilikuwa na nyonga, na bega, na mkono uliokunjwa, umbo zima la mwanamke aliyelala kwa ubavu, usawa wa kitanda, uso kwa uso na mumewe.

Hakupiga kelele. Alirudi nyuma kwa nyuma mpaka mlango wa Amne, akagonga kwa kidole kimoja.

"Amne," akanong'ona. "Kuna mtu ukutani."

Amne alikuja, akasimama kizingitini, akatazama, akasoma kitu chini ya pumzi. Alimvuta Phyllis hadi jikoni na kufunga mlango.

"Hilo si la dawa ya kuvu," akasema polepole. "Na wala usilitaje humu ndani. Namjua bibi mmoja."

Bi Jokha alikuja Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa Mzanzibari wa siku nyingi wa Bur Dubai, mfupi, mwenye miwani mizito, na alileta chetezo, ubani na chupa ya maji aliyoyasomea. Phyllis alimpokea kwa aibu.

"Bibi, mimi ni Mkristo. Sijui kama inafaa."

"Mwanangu, mimi sikuja kukubadilisha dini. Nimekuja kumtazama mgonjwa. Wewe omba kwako, mimi niombe kwangu."

Aliingia chumbani, akaugusa ukuta, akanusa vidole vyake. Akaamuru dirisha lifunguliwe lote. Tundu la maji la bafuni lifunuliwe. Jiko la gesi liletwe kizingitini liwashwe, na makaa ya chetezo yapulizwe mpaka yawe mekundu. Joto la mchana likaingia kutoka nje, likakutana na joto la moto, na Amne na Phyllis wakaanza kutiririka jasho. Harrison alitetemeka chini ya blanketi.

Bi Jokha alisoma kwa muda mrefu. Moshi wa ubani ulikwenda mpaka ukutani, ukajipinda, ukarudi, kana kwamba umepulizwa. Ndipo Harrison akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa nyororo, yenye maji ndani yake.

"Mbona mnanichoma?"

"Wewe ni nani?" Bi Jokha akauliza.

"Mke wake."

Phyllis alishika ukingo wa kabati.

"Nani kakuleta hapa?"

"Kaniita mwenyewe. Getini, saa sita, jua likiwa utosini. Alisema, 'Yeyote atakayenipoza, mimi ni wake.' Nikaja. Nampoza. Kila nikimpoza nachukua moto wake kidogo. Nimekosa nini?"

"Utamuua."

"Atakuwa baridi. Ndicho alichokitaka."

Bi Jokha alimnyunyizia maji yake. Ukuta ulichirizika lakini umbo halikutoka. Alisoma tena, akanyunyiza tena, kisha akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya kanga.

"Siwezi kumtoa mgeni ambaye mwenye nyumba kamshika mkono," akamwambia Phyllis. "Amwambie mwenyewe."

Phyllis alipiga magoti kando ya kitanda. Macho ya Harrison yalikuwa wazi na yalikuwa yake.

"Baba Jeremy, unanisikia? Mwambie aende."

Harrison aliyageuza macho ukutani.

"Tafadhali."

"Kule nje kuna moto, Mama Jeremy," akasema taratibu. "Wewe hujui."

"Najua. Hata mimi ninashinda kwenye mvuke."

"Ukirudi unalala. Mimi nikifumba macho bado naungua. Yeye peke yake ndiye..." Akakohoa, akashindwa kumaliza.

Phyllis alichukua kile kiganja kilichokuwa ukutani. Kilikuwa kimenata; alikivuta kidole baada ya kidole, na kila kidole kilipobanduka kitu kililia ndani ya ukuta, kilio chembamba kilichowafanya watu wa nyumba ya chini wagonge dari, na yeye aliendelea kuvuta huku akiita jina la mumewe, jina la mtoto wao waliyemwacha kwao, jina la Yesu, jina lolote lililomjia, na Bi Jokha akisoma kwa sauti juu yake, na Amne akipepea makaa huku analia, mpaka mkono wote ukawa ndani ya mikono yake, mzito na wa baridi kama samaki.

"Mwambie!"

"Ondoka," Harrison akasema.

Alisema kwa sauti ndogo. Ilitosha. Ukuta ulitoa maji yote kwa mara moja, yakamwagika sakafuni, yakapita chini ya kitanda na katikati ya miguu yao hadi kwenye tundu la maji la bafuni, yakaingia humo kwa mvumo mrefu. Kisha joto la Agosti likajaa chumba chote. Jasho likamtoka Harrison usoni.

Amne alisema alhamdulillahi. Bi Jokha aliketi chini akaomba maji ya kunywa. Phyllis alimkumbatia mumewe, akihisi mwili wake ukipata moto, na ilimchukua muda kuelewa kwamba Harrison alikuwa analia, na kwamba hakikuwa kilio cha mtu aliyeokoka. Alilia kama mtu aliyefiwa.

Baada ya hapo kuvu halikuota tena. Waliupaka ukuta rangi, wakawa wanafungua dirisha kila asubuhi, na kiyoyozi kikarudia kunguruma. Bili ikapanda, Amne alitoa fungu lake bila neno. Harrison alinenepa, kikohozi kikaisha, majira ya baridi yakapita kwa amani.

Mwezi wa Mei, joto lilipoanza kuuma, alirudi jioni akasema kampuni ilitaka kumhamisha. Kuna jengo la maduka, ulinzi wa ndani, AC siku nzima, kiti cha kukalia. Mabawabu wote walikuwa wakiiombea nafasi hiyo.

"Asante Yesu!" Phyllis akasema. "Unaanza lini?"

"Nimekataa."

Phyllis alikuwa akisonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Umekataa kwa nini?"

Harrison alikuwa dirishani, amempa mgongo, anatazama jua likishuka nyuma ya maghorofa.

"Nimezoea kule getini," akasema, kisha akageuka na kutabasamu, tabasamu ambalo Phyllis alikuwa hajaliona tangu walipokuwa wachumba.