Bibi Aliposubiri Kwenye Uwanja wa Ndege

Kila asubuhi Levina wa darasa la sita alifagia uwanja wa nyumba yao pale Isevya, mjini Tabora, akavaa sare, kisha akaenda shule pua juu. Alikuwa amewadanganya wenzake kwamba aliwahi kupanda ndege, na tangu hapo yeye alimwona kila mtu mshamba. Aliyemdharau kuliko wote ni Kabula, mgeni aliyehamia kutoka kijiji cha Tura.

Siku moja Mwalimu Modest aliwataka wakadirie safari ya ndege kutoka uwanja wa Tabora mpaka wa Kigoma. Kabula alinyoosha uzi juu ya ramani, akaupima kwa rula, akapiga hesabu.

"Ni kama kilomita mia tatu na hamsini," alisema. "Ndege ikienda kilomita mia nne na ishirini kwa saa, itatumia dakika hamsini."

Levina akabetua midomo. "Dakika hamsini! Treni yenyewe inakesha njiani. Wewe umezoea kuipungia mkono pale stesheni ya Tura, ndege umeijulia wapi? Mimi nimepanda. Ni saa tatu nzima!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu aliwanyamazisha, akasema Kabula amepatia.

"Kwani mwalimu naye amepanda?" Levina alinong'ona.

Jumamosi shangazi yake alipiga simu kutoka Kigoma. Bibi, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho huko, angerudi Tabora siku hiyo kwa ndege inayoondoka saa nne asubuhi.

"Levina, si mlijifunza safari hiyo juzi?" Mama aliuliza huku akimpimia mteja mchele. "Itafika saa ngapi?"

Jibu la Kabula lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini akubali kwamba yule wa Tura alikuwa sahihi? Hata kidogo!

"Saa saba, mama."

Saa saba walipofika uwanjani, abiria wote walikuwa wamekwishaondoka. Bibi alikuwa peke yake kwenye benchi la nje, bandeji ya jichoni imejaa vumbi, simu imeisha chaji.

"Shikamoo, mama," mama alisema kwa mshtuko.

"Marahaba. Tangu kabla ya saa tano niko hapa. Nikadhani hamnitaki tena."

Levina akaangua kilio, akakiri uwongo wote. Walimpeleka bibi hospitalini, muuguzi akamsafisha na kumfunga bandeji mpya. Jicho lilikuwa salama.

Jumatatu Levina alisimama mbele ya darasa. "Sijawahi kupanda ndege. Nilidanganya. Kabula, nisamehe."

"Nimekusamehe," Kabula alijibu. "Ila usinicheke tena kwa ajili ya kwetu."

Jioni alipomsimulia bibi, bibi alimvuta karibu. "Mjukuu wangu, ulimdharau aliyepima, ukamwamini aliyedanganya, na huyo mwongo ni wewe mwenyewe. Ukiambiwa jambo, usiangalie aliyesema katoka wapi. Angalia kama ni kweli."