Unyayo wa Kisimani

Viatu vilipomwingia Pelagia bila kubana kidole hata kimoja, alicheka kwa sauti, kisha akainama kuvigusa. Ndani vilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana siku hiyo kijiji chote cha Heru Juu kilifunikwa na ukungu, na Ildefonsi, mumewe, alivileta kutoka Kasulu mjini vimefungwa kwenye gunia lililolowa mvua. Lilikuwa joto la mtu, la kiti ambacho mgeni amekiacha sasa hivi.

"Vipi, vinabana tena?" Ildefonsi aliuliza, tayari kuvunjika moyo.

"Havibani, Baba Claude. Tena pembeni kuna nafasi ya kidole kimoja."

"Basi tumshukuru Mungu. Mguu huo umenimalizia masoko yote."

Hakutia chumvi. Pelagia alikuwa na miguu mipana isiyojua kusikilizana na kiatu. Viatu vya mitumba vilivyomtosha urefu vilimkamua kidole cha mwisho mpaka kucha ikang'oka. Vilivyomtosha upana vilikuwa vya wanaume warefu, kisigino kikapwaya, akavijazia matambara na kuporomoka navyo mlimani mbele za watu. Ildefonsi alizoea kwenda sokoni na kijiti alichokikata sawasawa na urefu wa mguu wa mkewe, kama wafanyavyo wanavijiji, lakini kijiti kinajua urefu tu, upana hakiujui. Majirani walimtania kwamba ameoa bata. Alicheka nao, ila rohoni lilimuuma, kwa sababu katika wilaya nzima hakuna mwanamke aliyekimbia kumshinda bata wake.

Na mwaka ule mbio hazikuwa mchezo. Malori ya wakimbizi kutoka Burundi yalipita barabarani mchana na usiku, maharage yalikuwa yamekauka shambani, na mwalimu Nduwayezu, msimamizi wa michezo, alitangaza kwamba mwanamke atakayeshinda mbio za nyika ataondoka siku hiyo hiyo na gari la timu ya jeshi. Atapewa ajira. Mwaka uliotangulia Pelagia aliongoza peku mpaka akakanyaga kisiki cha mhogo, akafika mwisho akichechemea huku wasichana wadogo wakimpita. Safari hii alitaka viatu vyenye meno, vya kushika tope na kokoto za vilimani.

Khamisi, fundi viatu wa sokoni Kasulu, alikubali kumshonea turubai juu ya soli ya tairi. Lakini kalibu zake, ile miguu ya mbao ya kushonea viatu, zote zilikuwa nyembamba. "Niletee mguu wenyewe," alisema. Wiki hiyo mwenye mguu alikuwa kitandani, anatetemeka kwa malaria.

"Sasa kipimo ulikipata wapi?" Pelagia aliuliza, akikanyagakanyaga sakafuni kwa raha.

Ildefonsi akajivuna. "Akili, mke wangu! Alfajiri ile naondoka, nilipita kisimani, nikaukuta unyayo wako kwenye udongo mwekundu pembeni ya maji, umekaa vizuri kabisa. Nikaukata na udongo wake kwa panga, nikaufunga kwenye jani la mgomba, nikampelekea Khamisi. Heru nzima nani mwingine ana mguu wa namna ile?"

Miguu ya Pelagia ikasimama. Alfajiri ile, na siku nzima kabla yake, hakutoka kitandani. Maji yaliletwa na jirani. Alifungua mdomo aseme, akavitazama viatu, akaufunga. Kuuliza si ujinga, lakini mtu aliyekitafuta kitu miaka na miaka hapendi kukiuliza kimetoka wapi.

Akaanza mazoezi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, alishuka na kupanda vilima, na viatu vilishika tope vizuri ajabu. Alikuwa na furaha. Ile nafasi ya kidole kimoja ilimpa raha kuliko yote, maana vidole vyake vilitanuka humo kwa uhuru ambao havijawahi kuupata.

Halafu nafasi ikaanza kupungua.

Kwanza alidhani turubai limejikunja. Akavua, akakung'uta, hakikutoka kitu. Ilitoka harufu tu, ya tope la chini kabisa la kisima, na juu yake harufu tamu ya udi, katika nyumba ya Wakristo ambamo udi haujawahi kuwashwa. Asubuhi iliyofuata pembeni ya kidole chake cha mwisho kulikuwa na kitu laini chenye joto. Akakaza mwendo ili asikifikirie. Alipofika kwenye mteremko wa migomba, kile kitu kilijinyoosha, polepole, kama vidole vya mtu anayeamka usingizini.

Alitaka kurudi nyumbani, akageuka kushika njia ya nyumbani, lakini njia ikampeleka kisimani, akageuka tena akashika barabara kubwa ya Kasulu, akakimbia akisikia ngurumo za malori mbele yake na jogoo wa jirani nyuma yake, akajiambia sasa nimefika barabarani, sasa nitaona watu, na ukungu ulipofunguka yalikuwa maji yale yale yaliyotulia, na udongo ule ule mwekundu, na pale Ildefonsi alipokata kwa panga pamebaki shimo lenye umbo la mguu, na shimo lile lilikuwa linapumua mvuke. Alianguka kwa magoti akamwita Mama Bikira Maria. Jirani aliyekuja kuteka maji ndiye aliyemwongoza nyumbani kwa kumshika mkono.

"Baba Claude," alinong'ona akiwa amekaa kitandani, "nivue viatu."

"Si uvue mwenyewe? Mtoto amelala."

"Havitoki."

Ildefonsi alicheka kidogo, akapiga goti, akafungua kamba. Kamba zilifunguka, kiatu hakikusogea. Akakishika mbele, akaminya taratibu kutafuta mahali kinapong'ang'ania. Kicheko kikamtoka usoni.

"Mama Claude, mbona unachezesha vidole?"

"Sichezeshi."

"Yemwe! Tulia basi."

"Nimetulia. Siyo vyangu, Ilde. Nakuapia, siyo vyangu."

Akachukua kisu kulichana turubai. Ncha ilipogusa tu, sauti ya mtu aliyekatwa ikatoka mbali, upande wa kisimani, ikapanda mlima mpaka ikaingia nyumbani. Claude mdogo akaamka analia. Ildefonsi akakitupa kisu, na hapo ndipo Pelagia alipomwambia kwamba alfajiri ile ya unyayo hakuwa amekanyaga kisimani.

Kesho yake Ildefonsi alimpakia mkewe kwenye baiskeli mpaka Kasulu mjini, kwa Bi Mwajabu, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Ujiji, aliyejulikana kwa kuzungumza na wasioonekana. Bi Mwajabu alifukiza ubani, akasoma dua zake kwa sauti ya chini, kisha akainama. Hakumsemesha Pelagia. Alivisemesha viatu.

"Salamu kwako, mwenye nyumba. Tunakuomba radhi. Mgeni wako atatoka."

Pelagia akashtuka. "Shikamoo, bibi, lakini mgeni ni nani? Si huyu aliyeniingilia?"

"Marahaba, mwanangu. Mgeni ni wewe. Viatu hivi vimekatwa kwa mguu wake. Hajakuingilia, wewe ndiye uliyemwingilia."

Midomo ya Pelagia ikafunguka bila yeye kutaka, na sauti nzito yenye maji kooni ikasema, "Mmenikata. Natembea sina alama. Nataka unyayo wangu."

Ildefonsi aliishika miguu ya kiti. Bi Mwajabu akauliza ule udongo uko wapi. Walijua jibu: Khamisi alikwishautupa nyuma ya kibanda, mvua imeubeba.

"Basi sikilizeni," alisema bibi. "Masika yatakapofurisha kisima, udongo pale utakuwa mpya. Atakanyaga, atapata unyayo wake, na viatu vitaachia vyenyewe. Mpaka siku hiyo usikimbie. Usiende kisimani. Usimwahidi chochote, na zaidi ya yote usimwachie unyayo wako wewe. Atakayeubeba unyayo wako ataubeba na uso wako na jina lako, na wewe utabaki mtu asiyejulikana hata na mwanao. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi. Na mbio?"

"Mbio zitakuja tena mwakani."

Mwakani! Pelagia alirudi Heru akakaa ndani. Alifungwa katika nyumba yake, amefungwa na viatu alivyoviomba kwa Mungu. Mchana ule mguu usio wake ulilala ndani ya viatu ukimlemea. Jioni uliamka, ukasukuma, ukatanua vidole, ukatafuta nafasi ambayo haikuwepo tena, mpaka mifupa yake ikalia na akang'ata shuka ili Claude asisikie. Aliogopa, na kuliko kuogopa alikuwa na hasira. Alihesabu masika yako mbali kiasi gani, akamtazama mtoto anayelilia uji ambao haupo, akasikia wasichana wakipita nje wakifanya mazoezi huku wakitaniana kuhusu nani atapanda gari la jeshi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alfajiri ya siku ya mbio alimwacha Ildefonsi amelala, akateremka kisimani. Kadiri alivyokaribia maji, viatu vililegea. Alipofika vilikuwa vinapwaya.

"Wewe umekosa unyayo, mimi nakosa mbio," aliyaambia maji. "Chukua wangu. Niachie miguu yangu."

Akavua kiatu, akavua cha pili, akaukandamiza mguu wake mtupu kwenye udongo mwekundu. Udongo uliushika. Uliushika kwa muda, kwa nguvu, kisha ukauachia. Pelagia aliangua kilio cha furaha, akapandisha mlima mwepesi kuliko alivyowahi kuwa, wala hakugeuka kutazama kama viatu bado vipo pale alipoviacha.

Alikimbia peku, na siku hiyo hakuna kisiki kilichomchoma wala kokoto iliyomkata. Hakuna pia aliyemshangilia. Aliwapita watu waliojipanga njiani na macho yao yalikuwa mbele yake, yanafuata mtu mwingine. Akajiambia wanatazama pikipiki ya msimamizi. Hakumwona mwanamke mbele yake, ila alisikia hatua nzito za soli ya tairi, zikimtangulia kila kona, naye kila alipokaza nazo zilikaza. Alipoingia uwanjani watu walikuwa tayari wanaimba.

"Pelagia! Pelagia!"

Akainua mikono akicheka na kulia. Wote walikuwa wamempa mgongo. Walikuwa wamelizunguka gari la jeshi, na mwalimu Nduwayezu alikuwa dirishani akimpa mkono mwanamke aliyekaa ndani, mwanamke mwenye uso wa Pelagia na gauni la Pelagia, amevaa viatu vya turubai vilivyomkaa barabara. Mwanamke yule alimtazama mara moja tu, bila chuki, akapandisha kioo. Gari likaondoka na vumbi lake.

Ildefonsi alikuwa amembeba Claude mabegani, anapunga mkono, machozi ya fahari yanamtiririka. Pelagia akajipenyeza, akamvuta shati.

"Baba Claude. Baba Claude, ni mimi. Yule siye."

Mumewe akageuka. Alimtazama kwa huruma ile aliyowapa wanawake waliokuwa wakishushwa kwenye malori.

"Pole sana, dada," alisema taratibu, ili amwelewe. "Umepotezana na watu wako? Wenzako kutoka Burundi wanapokelewa pale mbele, kwenye mahema. Claude, mpe mama huyu ndizi yako."

Pelagia alimnyooshea mwanawe mikono. Claude alimtazama, akauficha uso kwenye nywele za baba yake, akaanza kulia akimwita mama, na mkono wake umeelekea kule gari lilikokwenda.