Utepe Mwekundu Katika Mstari wa Kola

Saa moja kamili asubuhi, kengele ya kiwanda cha mashati ililia. Ukichelewa, lango limefungwa, na siku hiyo huna kazi. Lakini ndugu wawili wa mstari wa kola, safu ya mashine za kushonea kola tu, hawakuchelewa hata mara moja. Waliishi chumba kimoja, walipika sufuria moja, na kiwandani mashine zao zilikuwa jirani. Mdogo alikuwa na mimba ya miezi sita.

Mkubwa aliitwa Umeme. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mikono yake. Jamani, ile mikono! Unapepesa jicho, kola imekwisha.

Kila Jumamosi msimamizi alihesabu kola za kila mtu. Aliyeshona nyingi kuliko wote alifungiwa utepe mwekundu kwenye mashine yake. Wiki nne mfululizo utepe ulikuwa wa Umeme. Aliupenda mno. Akaacha hata kunywa maji mchana, ili asipoteze muda kwenda msalani.

"Dada, kunywa japo kidogo," mdogo wake alimwambia. "Midomo imekukauka."

"Nitakunywa nyumbani. Niache nishone."

Na kila Jumatatu msimamizi alifuta ubao na kuandika kiwango kipya cha siku. Kutoka kola mia mbili, kikapanda hadi mia mbili na ishirini. Kisha mia mbili na arobaini. Mshahara haukupanda hata kidogo.

"Kama Umeme anaweza, nyinyi mna mikono ya mbao?" msimamizi aliwauliza wengine.

Umeme alicheka. Tusifichane, kichwa kilimvimba. Hakugeuka kuona kwamba alikuwa akicheka peke yake.

Sheria ilikuwa moja: ukishindwa kufikia kiwango siku tatu mfululizo, unga umemwagika. Jumatano mdogo wake alishindwa. Mtoto alimbana tumboni, akawa anakwenda msalani kila mara. Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, ilionekana wazi kwamba atashindwa tena.

"Na kesho ukishindwa," msimamizi alimwambia, "usirudi hapa."

Wakati wa mapumziko, mdogo mtu aliketi karibu na bomba la maji nyuma ya kiwanda, akalia. Umeme alimfuata.

"Nyamaza basi. Ungeongeza bidii kidogo tu."

Mdogo wake aliinua uso. "Bidii? Dada, kile kiwango cha ubaoni kimetoka wapi? Si kwenye mikono yako?"

Umeme aliitazama mikono yake. Ilimchoma, tena ilimchoma kweli.

Pembeni alikuwapo Mzee Spana, fundi wa mashine za kiwanda, akinawa grisi mikononi. Alikuwa amefanya kazi viwandani miaka mingi, na mambo ya haki za wafanyakazi aliyasoma sana.

"Msigombane, binti zangu," alisema. "Hebu niokotee vipande vinane vya kitambaa."

Umeme aliviokota. Mzee Spana akavipanga chini.

"Tuseme hizi ni saa nane za kazi yako. Huu ni mfano tu. Katika saa hizi tatu za mwanzo, unashona kola za kutosha kufidia mshahara wako wa siku. Je, saa nne asubuhi unakwenda nyumbani?"

"Thubutu!"

"Unabaki. Unashona saa hizi tano nyingine. Thamani yake ni ya nani?"

Umeme alivitazama vile vipande vitano. "Ya mwenye kiwanda."

"Naam. Wanaofuata Umaksi huiita thamani ya ziada. Wanasema faida inatoka hapo, kwenye kazi ambayo mfanyakazi hakulipwa. Sasa wewe ukiongeza mwendo, mshahara wako unaufidia kwa saa mbili badala ya tatu." Akasogeza kipande kimoja upande wa vile vitano. "Umeona kilikokwenda?"

"Lakini Mzee, mashine ni zake. Kitambaa ni chake."

"Ndiyo, na hapo ndipo penyewe. Yeye ana mashine, sisi tuna mikono tu. Ili tule, lazima tumuuzie nguvu zetu. Na hizo mashine nazo zilitengenezwa na wafanyakazi kama sisi."

"Kwa hiyo ni mtu mbaya?" mdogo mtu aliuliza, akijifuta machozi.

"Huenda ni mpole kuliko mimi. Lakini asipopata faida, viwanda vingine vitammeza. Naye anasukumwa. Anamsukuma msimamizi, msimamizi anatusukuma sisi. Kisha tunafungiwa utepe ili tusukumane wenyewe kwa wenyewe."

Umeme alihisi aibu mpaka masikioni. "Basi kesho nitashona polepole."

"Peke yako? Utafukuzwa kabla ya huyu. Zungumza na wenzako. Mko ishirini."

Umeme alipiga moyo konde, akawafuata wenzake walipokuwa wakila. Haikuwa rahisi hata kidogo.

"Leo ndiyo unatukumbuka?" mmoja alimjibu. "Juzi ulikuwa unatucheka."

"Nilikosea," Umeme alisema. "Nisameheni. Lakini leo ni mdogo wangu. Wiki ijayo atakuwa nani?"

Wakatazamana. Kila mmoja alijua huenda akawa yeye.

Ijumaa wote ishirini walishona kwa mwendo mmoja. Aliyechelewa alisaidiwa na wa karibu. Jioni kila mmoja alikuwa na kola mia mbili, hakuna zaidi wala pungufu. Msimamizi alikuja mbio.

"Umeme! Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Basi nini hiki?"

Umeme alisimama. Nyuma yake alisikia viti vikisogea. Wote walikuwa wamesimama.

"Tunaomba kiwango kirudi mia mbili," alisema. "Na mtu apate muda wa kunywa maji na kwenda msalani. Na mdogo wangu asifukuzwe."

"Nitakufukuza wewe!"

"Basi utufukuze sote," alisema yule aliyemkasirikia jana.

Malori yalikuwa yameshaegeshwa langoni, yakisubiri mashati. Msimamizi aliyatazama, akapanda ofisini. Walingoja wamesimama. Umeme alimshika mdogo wake mkono, akaogopa kuliko siku zote za maisha yake.

Msimamizi alirudi. Akafuta ubao. Akaandika: mia mbili.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka Mzee Spana akachungulia.

"Vile vipande vitano bado havijarudi," alimnong'oneza Umeme.

"Najua, Mzee. Lakini kile nilichokitoa mwenyewe kimerudi."

Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nne, msimamizi alikuja na utepe kama kawaida. Akahesabu kola za wiki. Aliyewashinda wenzake hakuwapo. Akabaki ameushika, hajui aufunge wapi.

"Nipe," Umeme alisema.

Alikwenda nao bombani, akaufunga kwenye mkono wa kikombe cha maji cha wote. Mdogo wake akanywa kwanza, taratibu, mkono mmoja tumboni.

"Na wewe, dada."

Umeme alikijaza kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, huku mashine yake ikimsubiri.