Wezi wa Foleni

Saa mbili na nusu asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la fotokopi.

Wapo wanaoiba kuku, wapo wanaoiba benki. Hawa watatu walikuwa wanaiba foleni. Usicheke. Foleni yenyewe ilikuwa ya wagonjwa wa moyo.

Pilipili ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mfupi, mkali, bastola kiunoni.

"Nasema mara moja. Madaktari bingwa wanakuja wiki ijayo. Nafasi za upasuaji hamsini, basi, mpaka mwakani. Tovuti ya hospitali inafunguliwa saa nne kamili. Wagonjwa wengine watakuwa bado wanatafuta herufi kwa kidole kimoja. Sisi tutakuwa tumeshaingia na kutoka. Fundi, eleza."

Fundi akageuza kompyuta. Wateja wa Pilipili, watu wenye nazo, walikuwa wameshampa majina yao ya kuingilia na maneno yao ya siri. Fundi akaandika programu ya kuingia kwa niaba yao. Inajaza jina, inajaza neno la siri, inabonyeza, inanyakua nafasi. Akaunti zote kwa mpigo.

"Tovuti ikiitoa akaunti, programu inaiingiza tena," alisema. "Ikitolewa tena, inarudi tena. Haichoki."

"Na vile vipicha?" aliuliza Macho, mwanamke wa miwani minene kama vitako vya chupa. Tovuti ilimtaka kila anayeingia athibitishe kuwa ni mtu: chagua picha zenye baiskeli, chagua zenye taa za barabarani. Programu haikuviweza. Kazi hiyo ilikuwa ya Macho.

"Vitakuja kwenye skrini yako. Wewe bonyeza tu."

"Kumbe binadamu humu ni mimi peke yangu," Macho alisema. Pilipili hakucheka.

"Na wa kwangu?" Fundi aliuliza.

"Mdogo wako yumo. Mimi sina maneno mawili."

Fundi hakutaka fungu. Alitaka nafasi moja. Mdogo wake, tumbo moja, ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Alikuwa hapandi ngazi tano bila kukaa chini, na daktari alishasema mwakani hafiki. Akaunti yake Fundi alimfungulia mwenyewe. Lakini alimjua binti yule na msimamo wake: angejua nafasi ni ya wizi, angeikataa huku anakufa. Kwa hiyo akamdanganya. Tovuti inafunguliwa kesho, alimwambia, wewe pumzika.

Akamfanyia na hisani nyingine. Akaunti za wateja alizipitisha kwenye njia za kuzunguka, nchi hii na ile, asijulikane anayeingia yuko wapi. Njia hizo zinachelewesha. Ya mdogo wake akaipitisha moja kwa moja kutoka chumba kile, awe wa kwanza. Mapenzi hayo! Mtu na akili zake, kapofuka mchana kweupe.

Saa nne kamili.

Programu ikaondoka. Macho akabonyeza baiskeli, akabonyeza taa. Nafasi tatu. Nafasi tisa. Pilipili alisimama nyuma yao akihema.

"Fundi," Macho akasema, "huyu mdogo wako anarudi mara ya ngapi? Namwingiza, anatolewa. Namwingiza, anatolewa."

"Tovuti imelemewa. Endelea."

"Namtanguliza yeye kila mara, maskini. Huyo, katolewa tena."

Fundi akatazama. Tovuti haikulemewa. Akaunti moja haikai watu wawili. Akiingia huyu, anatolewa yule. Na mtu wa pili alikuwa na neno sahihi la siri. Duniani walilijua watu wawili tu.

Ni yeye. Kaamka, kasikia kwa majirani kwamba ni leo, kashika simu yake. Na kila akiingia, programu ya kaka yake inamtupa nje.

"Niizime!" Fundi alisema. "Sekunde kumi! Nimtoe yeye kwenye programu, niiwashe tena!"

"Sekunde kumi nafasi zimekwisha," Pilipili alisema. "Wateja wangu niwaambie nini?"

"Ni ndugu yangu!"

Mdomo wa bastola ukamgusa sikio. Ulikuwa wa baridi. "Gusa hiyo kompyuta."

Mkono wa Fundi ulikuwa umeshafika kwenye kitufe. Akaurudisha. Ndiyo, aliurudisha, tusimpambe.

Maandishi mekundu yakatokea: *Majaribio yamezidi. Akaunti hii imefungwa hadi kesho.*

Saa nne na dakika tatu, nafasi zote hamsini zilikuwa zimekwenda. Pilipili akampiga Fundi begani. "Pole, bwana. Mwakani tutamtanguliza."

Saa nne na nusu.

Simu ya Fundi ikalia. Akaiweka sikioni, sauti ikisikika chumba kizima.

"Kaka, kumbe ilikuwa leo! Kuna mtu kaingia kwenye akaunti yangu. Kila nikiingia ananitoa, mpaka nimefungiwa." Alikuwa anavuta pumzi kwa shida. "Lakini nimewapigia hospitali. Mwaka jana waliibiwa hivi hivi, leo wamekaa na polisi. Wanasema wezi wote wamejificha, ila huyu wa kwangu yuko wazi kabisa. Jengo wameshalipata. Wako njiani."

Macho hakuaga. Alivua viatu, akashika mkononi, akatoka mbio. Pilipili alimtazama Fundi kidogo tu.

"Wakimpata mmoja watatulia," alisema. Akatoka, akafunga kufuli kwa nje.

Dirisha lilikuwa na nondo. Fundi akakaa sakafuni. Nje, milango ya gari ikafunguliwa, viatu vizito vikaingia dukani.

"Kaka, unanisikia?"

"Nakusikia, mdogo wangu."

"Wakimkamata nataka nimwone. Simtukani. Nataka nimuulize tu, mimi nilimkosea nini?"

Kufuli likapigwa nyundo.

"Utamwona," Fundi akasema.