Tundu la Oili

Siku ya soko Karatina, mtu huenda pale umati unapotaka aende. Jumamosi hiyo ya mwaka wa tisini umati ulimgawanyikia Wandera pande mbili, maana alikuwa amesimama kando ya kinu cha posho kama mgonjwa: mpini wa bisibisi sikioni, ncha yake kwenye injini, macho ameyafumba. Alikuwa fundi wa magari wa gereji moja mjini Nyeri, mzaliwa wa Busia, na hakuna aliyemtuma kuisikiliza injini ile.

"Unasikiza nini? Habari ya saa saba?"

Alifumbua macho. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la manjano la marinda, sweta jeupe mabegani, debe la mahindi miguuni.

"Beringi," alisema Wandera. "Karibu itaanza kulia."

"Iambie ingoje kidogo. Niko na mahindi hapa."

Wandera akacheka, na kicheko kikamshtua mwenyewe. Alimbebea unga hadi stendi, na kabla ya basi kuondoka alijua kwamba anaitwa Wacera, ni mwalimu wa darasa la tatu huko Giakanja, anaishi na mamake, na hapendi wanaume wanaotembea mbele ya wanawake.

Ikawa kila Ijumaa saa kumi simu ya gereji inalia.

"Hello? Naomba yule fundi wa kufungua mara mbili."

Ndilo jina walilompa mjini. Wandera hakuweza kufunga injini bila kuifungua tena kuhakikisha, na wateja walimcheka kwa hilo.

"Huyo ameoa," alijibu.

"Ati ameoa nani?"

"Spana namba kumi na saba."

"Basi mwambie mke mwenza anamngoja Jumapili, na akuje na shati safi. Si ile ya oili, dear."

Miezi mitatu ilipita hivyo. Alimpenda Wacera hadi akaanza kulala usingizi wa watu wengine, usiokatika. Kisha Jumapili moja hotelini, chai ikiwa bado moto, Wacera akainamisha kichwa.

"Kuna gari pale nyumbani. Ni ya ndugu yangu. Ilianguka naye barabara ya Doldol, kwa mashindano ya magari, akafa, miaka mbili sasa. Mahali barabara imenyooka, saa sita mchana. Wakaandika ati alikuwa amelewa. Theuri hakuwa anaguza pombe, Wandera. Lakini kijiji yote ilisema lisemwalo lipo, na mama hajawahi kutaja jina yake tena. Gari ilivutwa nyumbani, akakataza mtu kuiguza. Sasa amekubali. Fungua hiyo injini uniambie ilikuwa nini."

Wandera aliweka kikombe chini taratibu.

Alimjua Theuri. Miaka miwili nyuma, Wandera akiwa fundi Nanyuki, kijana huyo mcheshi alimletea gari lake la mashindano, injini ya mitungi minne yenye turbo. Injini za namna ile huwa na shafti mbili za pembeni, kazi yake kutuliza mtetemo. Madereva wa mbio huzitoa, kwa sababu ukanda mdogo unaozizungusha ukikatika, huingia kwenye ukanda mkubwa na kuiua injini nzima. Kuzitoa si kazi kubwa. Ila shafti ikishatoka, beringi yake inayobaki lazima igeuzwe ili tundu lake la oili lizibike. Ukisahau, oili hupotelea hapo. Mjini gari litaenda vizuri, lakini siku ya kukanyagwa kwelikweli krenki, shafti kuu ya injini, itakosa oili, na injini itakamata ghafla kama mlango uliofungwa kwa kufuli.

Kazi ile aliifanya alasiri moja, mbiombio, kwani mashindano yalikuwa kesho yake; na kesho yake hiyo akasikia kijana amefia barabarani. Aliigeuza beringi? Hakukumbuka. Kila injini aliyoifunga tangu hapo ilimuuliza kwa sauti ya Theuri, "Fundi, umegeuza?" Mara mbili, mchana kweupe, alimwona ameketi kwenye kiti cha dereva cha gari lililokuwa juu ya mawe bila magurudumu, akingoja jibu.

Akamkimbia Wacera. Wiki tatu simu ilipolia, Wahome mwenye gereji ndiye aliyepokea. "Hayuko, mwalimu. Ametoka na gari ya mteja." Wiki ya nne Wacera akaja mwenyewe, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mkono wa gauni.

"Kuna msichana mwingine?"

"Hapana."

"Ama unaogopa sisi Wakikuyu?"

"Hapana, Wacera."

"Basi ni nini? Mtu anaambiwa afungue injini, anapotea kama mwizi? Kama hunitaki, sema nisikie."

"Nakutaka," alisema Wandera, na ilikuwa kweli iliyomuuma. "Nitakuja Jumamosi."

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa kina Wacera, walilivua gari turubai. Wacera alimpa spana moja moja bila maneno, kisha akaenda jikoni kuleta chai. Wandera alitoa mfuniko wa mbele wa injini, akapangusa, akaingiza kidole na tochi.

Tundu lilikuwa wazi.

Alichuchumaa pale. Patasi ilikuwa karibu na nyundo ilikuwa karibu. Kugonga mara mbili tu, beringi ingegeuka, na Mlima Kenya mzima usingekuwa na mtu wa kujua. Angemuoa Wacera. Juu yake, nyuma ya usukani, alihisi mtu ameketi, akingoja jibu lake. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na Wandera alitaka watoto na msichana huyu. Akaiweka patasi chini.

"Umepata?" Wacera alirudi na kikombe.

"Kuja uone. Hii tundu ilitakiwa kuzibwa kwa kugeuza beringi. Fundi alisahau. Injini ikakosa oili, ikashika."

"Fundi gani?"

"Ni mimi."

Wacera alitua kikombe juu ya gari. "Ulijua siku ile hotelini?"

"Nilijua jina, nikaogopa. Ya tundu nimejua saa hii."

"Na ungeizungusha tu nikiwa jikoni, ningejua?"

"Hungejua."

Wacera alimpiga kofi, kisha akamshika shati na kulia kilio kilichokuwa kimengoja miaka miwili. "Hakuwa amelewa," alisema kifuani mwake.

"Hakuwa."

"Twende umwambie mama."

Mama Waithira, mamake Wacera, alikuwa akichambua maharagwe. Wandera alisimama mlangoni akaeleza yote bila kujipunguzia hata neno. Mama hakuinua macho.

"Gari ikishika hivyo, dereva anaweza kufanya nini?"

"Kwa ile mwendo, hakuna, mama. Hata mimi singeweza."

Mama Waithira aliacha maharagwe. "Theuri," alisema polepole, kisha akaita kwa sauti, kama mtu anayemwita mwanawe kutoka ng'ambo ya shamba. "Theuri!" Wote watatu wakajikuta wanasikiliza. Hakuna aliyeitika.

"Mama," Wandera alisema, "nilikuwa nataka kuleta mjomba wangu aombe Wacera nimuoe. Sasa sitamleta."

"Mlete. Akija aanze na maneno ya Theuri mbele ya wazee wetu, wajue hakuwa amelewa. Ya msichana ifuate, kama mwenyewe atataka."

Wakamtazama Wacera. Alifuta uso kwa kiganja.

"Leo siwezi hata kumwangalia," alisema. "Lakini huyo mjomba aje."